Mwongozo kamili: jinsi ya kutengeneza kifaa kidogo kinachokuvuta mkono wakati hakuna nguvu yoyote inayovuta

Habari zenu ndugu zangu, niko hapa Busia upande wa Uganda, kazi yangu ni kutengeneza simu na redio, na leo nataka niwaeleze kitu ambacho kimenila usiku mwingi sana lakini siku kilipokubali nilikaa chini nikanyamaza. Ni kibomba kidogo unakishika kwa vidole viwili, unawasha, na vidole vyako vinasikia kabisa kama kuna mtu anavuta kile kibomba kwenda kushoto. Sio kutetemeka tu kama simu, ni kuvutwa. Halafu ukikifunga kwa uzi ukakiacha kining'inie hewani hakiendi popote, kinatetemeka tu pale pale.

Kwa hiyo nguvu iko wapi? Iko mkononi mwako, yaani ni ngozi na ubongo ndo vinaitengeneza. Ukishika hilo tangu mwanzo utaokoa pesa nyingi, maana mtu wa kwanza akiona kifaa hakivuti anakimbilia kuongeza umeme, kuongeza magneti, kununua amplifaya kubwa, na kumbe shida ni muda wa mapigo na jinsi ya kushika.

Kwanza tuelewe inafanyaje kazi

Fikiria uko ndani ya taksi ya kwenda Kampala. Dereva anaondoka stendi polepole, anaongeza mwendo kidogo kidogo mpaka husikii chochote, halafu mbele kuna ng'ombe, dereva anapiga breki ghafla, watu wote wanalala kwenye viti vya mbele. Ukipiga hesabu, msukumo wa kuondoka na msukumo wa kusimama ni sawa sawa, gari lilianza sifuri likaishia sifuri. Lakini ukiulizwa safari ilikuaje utasema nilirushwa mbele. Ule msukumo mdogo uliochukua muda mrefu mwili haukuuhesabu.

Kifaa chetu kinafanya hivo hivo mara 40 kwa sekunde. Ndani kuna magneti inayorushwa kwa nguvu upande mmoja kwa muda mfupi, kisha inarudishwa taratibu kwa muda mrefu. Jumla ya nguvu ni sifuri, lazima iwe sifuri kwa sababu kifaa hakijaegemea ukuta wala meza, lakini vidole vinasikia lile pigo kali na kurudi kule kwa taratibu karibu havikusikii. Mapigo 40 kwa sekunde ni ya haraka kiasi kwamba ubongo unayaunganisha unasema, hapa navutwa.

Hii sio uganga na sio mimi niliyeigundua. Katikati ya miaka ya 2000 kule Japani, mtafiti Tomohiro Amemiya wa kampuni ya NTT na wenzake walionyesha kifaa cha namna hii chenye mkono wa chuma unaosukuma uzito mbele na nyuma, na wazo moja walilokua nalo ni kuwaongoza watu wasioona. Mwaka 2013 mtafiti Jun Rekimoto akaonyesha kidogo zaidi alichokiita Traxion, kinachotumia koili (waya wa shaba uliosukwa raundi nyingi) na magneti, na 2016 Heather Culbertson na Allison Okamura wa Chuo Kikuu cha Stanford wakaandika jinsi ngozi ya vidole inavyosogea zaidi upande mmoja kuliko mwingine wakati mapigo hayalingani. Sisi tunafuata njia ya koili na magneti kwa sababu vitu vyake vinapatikana hata huku.

Mimi nilivutiwa kwa sababu ya shangazi yangu, senga kama tunavyosema huku. Macho yake yalienda taratibu mpaka yakaisha, na mpaka leo anatembea mwenyewe kwenda sokoni kwa fimbo. Nilifikiri, kama mshikio wa fimbo ungeweza kumwambia mkono "kushoto" bila kupiga kelele njia nzima ingekua vizuri sana. Bado sijafika huko kabisa, nitaeleza mwishoni nimefika wapi.

Vitu vya kutafuta

Bomba la sindano la 5 ml, jipya, kutoka duka la dawa. Tunataka lile ganda la plastiki tu, kile cha kusukuma na sindano weka pembeni (sindano itupe vizuri, usiiache watoto waichezee).

Magneti za duara zile kali za neodimiamu, upana wa milimita 10, za kupanga mpaka zifike urefu wa milimita 20. Zipo kwenye vishikio vya simu vya gari vya kubandika, na wauza vifaa vya simu wengine wanazo pekee. Usitumie magneti za hadidisk ya kompyuta, mimi nilianza na hizo nikapoteza siku mbili: ni kali kweli lakini zimepinda na kila uso una ncha mbili, kwa hiyo hazisukumwi na koili ya duara inavyotakiwa. Na tafadhali, hizi magneti ndogo mtoto akimeza mbili zinaweza kushikana ndani ya tumbo na kutoboa utumbo, ni hatari ya kufa, zifungie mahali. Na mtu mwenye kifaa cha moyo kifuani asizisogelee.

Waya wa shaba wenye vanishi, ule wa kusukia mota, unene wa milimita 0.2, mita 15. Mafundi wa kusuka mota wanao, Katwe kule Kampala hukosi, na hapa Busia mimi nilikatiwa kwa fundi wa feni. Ukitoa kwenye transfoma mbovu pia sawa, ila ufungue polepole vanishi isichubuke.

Bodi ndogo ya amplifaya ya PAM8403, ile ndogo kama stempu ambayo watu wanaweka kwenye spika za kienyeji, inatumia volti 5. Waya wa USB wa zamani wa kukata, waya wa AUX wa kukata, pawabanki, sponji laini ya kuoshea vyombo, selotepu, gundi ya supagluu, lehemu na pasi yake, tesita. Na laptopu ya kuazima kwa saa moja ya kutengeneza sauti, baada ya hapo simu inatosha.

Kutengeneza kibomba

Kata ganda la sirinji ubaki na kipande cha milimita 40. Sugua kingo na msasa kwa sababu plastiki iliyokatwa inakwaruza magneti.

Panga magneti zako zishikane ziwe kijiti kimoja cha milimita 20, kitakua na gramu 12 hivi. Zungushia selotepu raundi chache katikati na karibu na ncha mpaka kijiti kikae katikati ya bomba bila kucheza cheza pembeni, lakini bado kiteleze chenyewe ukiinamisha bomba. Hapa usiwe na haraka. Kikibana hata kidogo kifaa kizima kimekufa, kikilegea sana kinagonga kuta na utasikia kelele badala ya kuvutwa. Mimi nilifanya mara nne ndo kikakaa sawa.

Sasa koili, na hapa ndo wengi wanakosea. Tunahitaji koili mbili, sio moja, kila moja ikae juu ya ncha moja ya kijiti cha magneti. Na zisukwe kwa kupingana, moja kulia moja kushoto. Sababu yake ni kwamba kwenye ncha ya kaskazini nguvu ya sumaku inatoka nje na kwenye ncha ya kusini inaingia ndani, kwa hiyo ukisuka zote upande mmoja koili ya kwanza inasukuma mbele na ya pili inasukuma nyuma, zinauana.

Weka alama mbili kwenye bomba, umbali wa milimita 20 kati yake, zikiwa sawa kutoka kila mwisho. Hizo ndo katikati za koili. Suka raundi 150 kwenye alama ya kwanza ukijaza upana wa milimita 10, itakua kama tabaka tatu na kitu. Usikate waya, vuka mpaka alama ya pili, geuza upande, suka raundi 150 nyingine. Acha mikia miwili ya sentimita 15, paka gundi kidogo, funga na selotepu.

Choma vanishi kwenye ncha za waya kwa kisu na lehemu, kisha pima na tesita. Unatakiwa kupata karibu na omu 8, mimi nilipata 7.6. Ukipata 2 au 3 waya umechubuka sehemu koili inajigusa yenyewe, ukipata hakuna kitu waya umekatika au vanishi haijatoka.

Kabla hujafunga ncha, ingiza magneti katikati, chukua betri moja ya volti 1.5 uguse ile mikia miwili kidogo tu. Magneti iruke upande mmoja. Geuza betri, iruke upande wa pili. Kama inajitikisa tu bila kwenda, koili zako zinapingana vibaya: kata ule waya wa katikati, badilisha mikia ya koili moja, unganisha tena. Hili jaribio la betri linachukua dakika moja na linaokoa usiku mzima, tafadhali lifanye.

Mwisho funga ncha. Kata vipande viwili vya sponji vya milimita 10, viweke kila upande wa magneti, funga na kifuniko cha plastiki ngumu kwa gundi. Sponji ndo springi yetu, imrudishe magneti katikati. Ikiwa ngumu magneti haitembei, unapata mtetemo mwembamba kama wa nyuki, ikiwa laini sana utasikia tak tak tak ya kugonga kifuniko. Jaribu sponji tofauti, hata ile ya godoro, kabla hujapaka gundi ya mwisho. Kumbuka magneti haihitaji kutembea sana: ikitembea milimita 1 tu kila upande kwa mapigo 40 kwa sekunde, nguvu ya kilele inafika kama niutoni 0.75, sawa na kubeba gramu 75. Kwa vidole viwili hiyo ni nyingi.

Na usikiweke ndani ya boksi zuri la mbao au chuma. Najua mtu anataka kipendeze. Lakini ganda likiwa zito linakataa kutikisika na ngozi haisikii. Kibaki chepesi hivo hivo.

Umeme

Waya mwekundu na mweusi wa USB unaenda kwenye plasi na mainasi ya bodi. Waya wa AUX, ule wa kushoto unaenda kwenye kiingilio cha L na ule wa ardhi kwenye G. Mikia ya koili inaenda kwenye L plasi na L mainasi za kutokea. Usiunganishe ile mainasi ya kutokea na ardhi, kwenye hii bodi zote mbili zina umeme, ukizigusanisha unaiua.

Tumia waya, usitumie bluetuth kwa kuanzia. Na kwenye simu zima mambo yote ya kupamba sauti, besi busta, ikwalaiza, sauti ya sinema, zima yote, maana yanaharibu umbo la wimbi na umbo ndo kila kitu.

Kutengeneza wimbi

Hapa ndo moyo wa kazi, soma polepole. Sauti ya kawaida ya 40 Hz (yaani mapigo 40 kwa sekunde) haivuti popote kwa sababu inakwenda na kurudi sawa. Tunataka wimbi lenye kilele kirefu chembamba upande mmoja na bonde fupi pana upande wa pili. Njia rahisi niliyoipenda ni kuchanganya sauti mbili, 40 Hz na 80 Hz, ya pili ikiwa na nusu ya ukubwa wa ile ya kwanza.

Fungua Audacity, programu ya kutengeneza sauti kwenye laptopu, iko bure. Weka kiwango cha sampuli 48000, yaani kila sekunde ya sauti inagawanywa vipande vidogo 48000, kila kimoja ni sampuli. Tengeneza toni ya 40 Hz, ukubwa 0.5, sekunde 30. Tengeneza trak ya pili, toni ya 80 Hz, ukubwa 0.25, urefu huo huo. Sasa mbele ya trak ya 80 Hz ongeza ukimya wa sampuli 150, hiyo ni milisekunde 3.125. Ukichanganya hizo trak mbili utaona kwa macho yako: kilele cha juu ni mara mbili ya kina cha chini. Hifadhi kama WAV, sio MP3, iite "150".

Ukiweka ukimya wa sampuli 450 badala ya 150, wimbi linapinduka, kilele kirefu kinakua chini, na mvuto unageuka upande wa pili. Iite "450". Hizo ndo kushoto na kulia zako.

Lakini sikiliza, hii ilinisumbua wiki nzima. Wimbi unaloliona kwenye skrini sio lile linalofika kwenye vidole. Amplifaya inachelewesha kidogo, na magneti na sponji vinachelewesha zaidi, na vinachelewesha 40 na 80 kwa viwango tofauti, kwa hiyo kilele ulichokipanga vizuri kinaweza kufika kimeshavunjika kabisa. Ndo maana mtu anatengeneza kila kitu sawa halafu anasema hii kitu ni uongo. Dawa yake ni kutengeneza mafaili manane, ukimya wa sampuli 0, 75, 150, 225, 300, 375, 450 na 525. Ukifika 600 umerudi mwanzo maana wimbi la 80 Hz linajirudia kila sampuli 600. Yapige moja moja, shika, andika kwenye karatasi lipi linavuta wapi na kwa kiasi gani. Mahali fulani katikati utakuta moja linavuta vizuri, na lile lililo mbali nalo kwa 300 litavuta kinyume. Kwangu mimi ilikua 225 na 525, sio 150 na 450, na kwako itakua yake.

Ukimaliza hapo jaribu kubadilisha pia mapigo yenyewe, 35 na 70, 50 na 100, 60 na 120 (ukumbuke urefu wa ukimya nao unabadilika). Sponji ngumu inapenda ya juu zaidi.

Kushika

Shika kwa ncha ya kidole gumba na cha shahada, ukibana pande za bomba, mvuto uwe unapita sambamba na ngozi na sio kuingia ndani ya ngozi. Shika kama unashika yai la kware. Ukikamata kwa ngumi hupati kitu. Mkono usiegemee meza. Funga macho, na geuza kifaa polepole kidogo huku na huku, ukikaa kimya kabisa kama jiwe hisia inapotea haraka.

Hisia inachoka. Baada ya nusu dakika hivi vidole vinaanza kufa ganzi kidogo, zima, pumzika dakika moja mbili, rudi. Usiongeze sauti ili upigane na ganzi. Na koili inapata joto, sauti ikiwa juu kabisa kwa muda utaisikia kwa vidole, ikichoma zima. Mafundi wenzangu wenye ngozi ngumu ya ncha za vidole wengi walisikia vizuri zaidi waliposhika kwa pembeni ya kidole badala ya ncha.

Kuhakikisha hujidanganyi

Ukishajua kinatakiwa kuvuta kushoto utasikia kushoto hata kikiwa kimezimwa, binadamu ndo tulivyo. Kwa hiyo mwite mtu ambaye hajui lolote. Rafiki mwingine arushe sarafu, ikitua upande huu anapiga faili la kushoto, upande ule la kulia, bila kusema, na mshikaji awe amefunga macho. Fanyeni mara 20. Akipatia 10 anabahatisha. Akipatia 15 au zaidi, bahati tupu ingefanya hivo kama mara 2 tu katika 100, kwa hiyo kifaa chako kinafanya kazi kweli. Mtoto wa jirani alipatia 18 mara ya kwanza, banange, nilimnunulia rolex mbili (ile chapati ya kuviringisha na mayai).

Halafu fanya jaribio la uzi nililosema mwanzo, na lingine la mzani: kiweke wima juu ya mzani wa jikoni, washa, namba itacheza cheza lakini wastani haubadiliki. Mtu ashike, aone anavutwa, halafu aone mzani unasema hakuna. Ukitaka kumweleza mwanafunzi wa fizikia tofauti ya nguvu na hisia ya nguvu sijui somo zuri zaidi ya hilo.

Mahali inapofaa na isipofaa

Watu wa boda waliniuliza kama naweza kuweka kwenye usukani wa pikipiki iwaonyeshe njia bila kutazama simu. Nimejaribu, haifai. Injini inatetemesha mikono tayari na mtu anakamata usukani kwa nguvu na mikono yote miwili, mapigo yetu yanazama humo hayaonekani. Afadhali wasikilize kwa sikio moja kwa sauti ndogo.

Kwenye mshikio wa fimbo ni afadhali lakini nayo ina masharti. Fimbo ikigonga ardhi mtikisiko wake unafunika kila kitu, kwa hiyo kibomba kisigandishwe kwenye fimbo. Nilikifunga kwa mpira wa bendi laini pembeni ya mshikio, kinakaa chini ya kidole gumba peke yake, na fimbo ikigonga kinapata mtikisiko kidogo tu. Pia hakiwaki muda wote. Kinawaka sekunde 2 penye kona, kinazima, kwa hiyo ganzi haiji. Kwa sasa mimi ndo nabonyeza simu nikiwa nyuma ya senga.

Ukitaka kuendelea, amplifaya ile ina upande wa R haujatumika. Tengeneza kibomba cha pili, viunganishe viwili sambamba kwa kipande cha plastiki chepesi umbali wa sentimita 4, kimoja kivute mbele na kingine nyuma, mkono unasikia kama unazungushwa, na kwa mtu anayetembea "geuka" inaeleweka haraka kuliko "vutwa". Hapo utahitaji faili la stirio, kushoto wimbi moja na kulia lile la kinyume, na upime ukimya wa kila kibomba peke yake maana sponji mbili hazifanani kamwe.

Juzi senga alitembea kutoka mlangoni mpaka kwenye mwembe, kona tatu, akikosea moja. Hiyo aliyokosea ilikua ya kulia, na nilipopima nikakuta sponji ya upande ule imelowa jasho na kuwa nzito. Nimebadilisha na kufunga ncha kwa kipande cha mpira wa puto, Jumamosi tunajaribu tena.